Aliyefungiwa Mlango Ndiye Awafungulie Wengine

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika ukumbi wa kanisa, Kiminini, baada ya mavuno. Tunaichapa karibu yote kama ilivyosemwa, kwa kuwa wengi ambao hawakufika wameiomba.)

Tunajua mahindi ya wengine bado yako juani, na mtu aliyeacha mahindi juani huku mawingu yakija amejitolea kweli. Kwa hivyo hatutawachosha.

Tumeombwa tuseme juu ya watoto maskini na elimu. Sisi tunaosimama mbele yenu si wageni wa jambo hili. Barabara hii inayotoka Kitale kwenda Webuye tuliipita miguu mitupu, kila mmoja na ukuni wake mkononi, maana bila ukuni hukupata uji wa shule. Wengi wetu tulizaliwa katika kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa. Baba walikamua ng'ombe na kuendesha trekta. Mama walivuna mahindi wakilipwa kwa gunia. Sisi watoto tulifuata nyuma tukiokota yaliyoanguka, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yetu ya kwanza.

Haya hayakuanza na sisi. Nchi hii ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi waliotoka katika vita vilivyokwisha mwaka 1918. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mahindi yalihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilitoka Bungoma, Kakamega, Turkana na kwingineko. Familia ilipewa kipande kidogo cha kulima, na badala yake ikatoa kazi. Mtoto alihesabiwa kama mkono mwingine wa kazi. Kumpeleka shule kulikuwa kama kuuondoa mkono huo shambani. Baada ya Uhuru walowezi waliondoka na mashamba mengi yakakatwa na kuuzwa, tukapata ekari zetu. Lakini mawazo hayakatwi haraka kama shamba. Hata leo ukipita wakati wa kupalilia utamwona mtoto ameshika jembe saa nne asubuhi, siku ya Jumanne.

Tuliyoyaona sisi

Turuhusuni tuseme kidogo ya kwetu, si kwa kujisifu.

Siku ya karo mwalimu mkuu alisimama gwarideni na daftari jeusi. Alisoma majina polepole. Ukisikia lako ulitoka mstarini, ukachukua mfuko wako wa nailoni, ukaenda nyumbani. Hakuna aliyekuchapa, hakuna aliyekutukana. Lakini tuulizane, nani kati yetu amesahau safari ile ya kurudi nyumbani saa mbili asubuhi, ukikutana na watu wanaoenda sokoni nao wanajua kwa nini unarudi?

Mama alikuwa na kuku mmoja aliyetaga. Alimwuza, ikapatikana nusu ya karo. Nusu nyingine ililetwa na mzee jirani mwenye ng'ombe wawili, ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Alitoa fedha za maziwa ya mwezi mzima. Tulidhani atataka tumlimie. Akasema hapana, anataka jambo moja tu: kila mwisho wa mwezi mtoto aje amsomee karatasi za maziwa, kwa maana ana wasiwasi na hesabu ya huko anakopeleka.

Basi mmoja wetu alikwenda. Mzee alikuwa amechora alama za makaa ukutani, alama moja kwa kila chupa. Mtoto akasoma karatasi, mzee akahesabu ukuta. Hazikupatana. Mwezi wa pili, hazikupatana. Mwezi wa tatu mzee alichukua mtoto na karatasi zote, wakaenda pamoja, na mtoto akasoma kwa sauti mbele ya watu. Tangu siku hiyo hesabu zilipatana. Mtoto alikuwa darasa la tano.

Ndugu, hapo ndipo tulipoelewa elimu ni kitu gani. Wengi huiona kama tikiti ya kwenda Nairobi. Kwa mzee yule elimu ilikuwa chupa tatu za maziwa kwa wiki zilizokuwa zikipotea, naye akazirudisha. Na hakujifunza yeye. Alimlipia mtoto wa mtu mwingine.

Mwana wa shamba la mkonge

Sasa tuwakumbushe habari ya mtu mmoja mnayemjua kwa jina, lakini pengine hamkuambiwa alikotoka.

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi. Baba yake, mtu wa kutoka kisiwa cha Rusinga, alikuwa mfanyakazi wa shamba hilo, msimamizi wa wakata mkonge. Ni mtoto wa kambi kama sisi. Alisoma katika shule za misheni, Kabaa katika Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Mang'u ndipo karo ilipomshinda baba. Kulikuwa na wadogo nyuma yake nao walihitaji kusoma. Kijana Mboya akaacha masomo, akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya, kwa sababu huko mwanafunzi alipewa posho badala ya kudaiwa karo.

Hilo lingeweza kuwa mwisho wa hadithi. Wangapi hapa Kiminini hadithi yao iliishia hapo? Lakini aliendelea kujisomea, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akapata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, Uingereza. Aliporudi alikuwa mtu mkubwa.

Sasa sikilizeni alichofanya. Miaka ile nchi ilikaribia Uhuru, na wasomi walikuwa wa kuhesabika. Vijana waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi za vyuo vilivyokuwapo. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea baadhi yao, lakini nauli ya ndege ilikuwa ukuta. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia mkutano baada ya mkutano, akiomba nauli na nafasi za masomo. Watu maarufu kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, wakamsaidia kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Mpaka mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, wengi wao wa Kenya na wengine wa nchi jirani.

Tusidhani fedha zote zilitoka Marekani. Huku nyumbani familia na vijiji vilifanya karamu za chai, watu wakachanga shilingi moja moja ili mtoto wao apate koti, sanduku na fedha za matumizi. Wapo waliouza ng'ombe. Wageni waliifungua ile ndege, lakini ngazi ya kuipandia ilitengenezwa na akina mama wa vijijini.

Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969, hajafika umri wa miaka 39. Kuna mengi watu wanabishana juu ya siasa zake, na hayo tunawaachia wenye siasa. Sisi tunaangalia jambo moja. Aliyetolewa shule kwa karo hakusema, "Mimi niliteseka, na wao wateseke ndipo wajue." Alikumbuka mahali mlango ulipomfungia, akaenda kusimama hapo hapo, akauzuia usifungwe tena.

Swali la kaka

Katika ndege za mwaka 1960 alikuwamo msichana mmoja kutoka Nyeri. Baba yake alikuwa dereva na fundi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru. Huyu pia ni mtoto wa shamba. Hapo shambani hapakuwa na shule, kwa hivyo mama alirudi Ihithe, Nyeri, pamoja na watoto ili wavulana wasome. Msichana alikuwa wa kubaki nyumbani kumsaidia mama. Siku moja kaka yake, Nderitu, akamwuliza mama: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama alifikiri, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Msichana akapelekwa.

Mnajua aliyebaki. Wangari Maathai alisoma kwa masista Mathari, halafu Loreto Limuru, kisha akapanda ndege. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na akina mama ambao hawakuwahi kukaa darasani wakafundishwa kuotesha miche. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Sasa tuhesabu. Kaka aliuliza swali. Mama alikubali. Masista walifundisha. Mboya, aliyefukuzwa na karo, alitafuta ndege. Toa mmoja tu kati ya hao, na dunia isingemjua Wangari. Na aliyetoa kidogo kuliko wote, kwa macho ya watu, ni yule kijana aliyeuliza swali. Hakuwa na shilingi. Aliuliza tu.

Wavulana mlio pale mlangoni, mmesikia? Leo jioni ukifika nyumbani, angalia ni nani anayeosha sufuria wakati wewe unasoma. Uliza.

Mama wa Sweden na jirani wa Eldoret

Tuna mifano miwili mingine, nayo ni mifupi.

Chris Mburu alikuwa mtoto maskini katika kijiji cha Mitahato, Kiambu. Alikuwa na akili, lakini nyumbani hapakuwa na karo. Mwalimu wa watoto wadogo huko Sweden, jina lake Hilde Back, ambaye hakumjua wala kumwona, aliamua kumlipia masomo kwa fedha kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Mburu alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard, halafu akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kusomesha watoto wengine, akaupa jina la yule mama. Baadaye wakakutana uso kwa uso, naye mama akaja Kenya akapokewa kijijini kwa nyimbo.

Ndipo Mburu alipopata kujua maisha ya mfadhili wake. Hilde Back alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani. Akiwa msichana alizuiwa kwenda shule kwa sababu ya taifa lake. Alikimbilia Sweden. Wazazi wake hawakuruhusiwa kubaki huko, wakafia katika kambi za Wanazi. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 98, akiwa ameacha Kenya watoto wengi wanaomwita mama. Mnaona? Yeye pia alifungiwa mlango.

Wa pili ni jirani yetu kabisa. Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi Januari 2003, watoto waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Mwaka uliofuata, Januari 2004, mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu, akaenda Kapkenduiywo, Eldoret, akaandikishwa darasa la kwanza. Alisema anataka kujua kuhesabu fedha zake, na kuisoma Biblia mwenyewe ili aone kama mhubiri anasema yaliyomo. (Hapa watu walicheka sana.) Watu walimdhihaki, wengine walitaka atolewe. Mwalimu mkuu, Bi. Jane Obinchu, akamtetea. Mwaka 2005 Maruge alikwenda New York, Umoja wa Mataifa, kuwaombea watoto wa dunia elimu ya bure. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007 zikamtoa nyumbani kwake. Alifariki Agosti 2009 akiwa bado mwanafunzi.

Mzee Maruge hakufika mbali kwa madarasa. Lakini ni mzazi gani hapa atasema tena, "Mtoto wangu amechelewa, ana miaka kumi na saba, hawezi kurudi"?

Mlango uko wazi, njia je?

Wengine watasema: siku hizi elimu ni ya bure, mnalia nini? Ni kweli tumetoka mbali. Karo ya madarasa ya chini iliondolewa mwaka 1974, ikarudi kwa majina mengine. Katika miaka ya mwisho ya themanini tukaambiwa tugawane gharama, na wengi wetu tuliotaka kuendelea tukakwama hapo. Mwaka 2003 ikaja elimu ya msingi bila karo, mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Katiba ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 53, kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tushukuru.

Lakini jameni, sheria hufungua mlango tu. Haivalishi mtoto sare. Haihakikishi kwamba kila msichana amepata sodo, na msichana asiye na sodo hukosa siku kadhaa kila mwezi bila mwalimu kujua kwa nini. Haipiki chakula cha mchana. Haimwamshi baba aliyelewa akumbuke kwamba shule zimefunguliwa. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtaala umebadilika, na mtoto anatakiwa aende na vifaa ambavyo sisi hatukuvijua. Mvulana wa darasa la saba anaona rafiki yake wa bodaboda ana noti mfukoni kila jioni. Shule itampa nini jioni hiyo?

Kosa letu

Sasa tunafika mahali pagumu, nasi hatutalipita.

Miaka iliyopita sisi wenyewe, tunaosimama hapa, tulikuwa na mfuko wa karo katika kanisa hili. Wazee mnaukumbuka. Uliendelea misimu michache, ukafa. Tulisema umekufa kwa sababu watu waliacha kuchanga. Huo ulikuwa nusu ya ukweli.

Nusu nyingine ni hii. Tuliweka sheria kwamba tutamsaidia mwenye alama 350 kwenda juu, kati ya 500. Tuliona ni haki, maana alama hazina ndugu. Tukawalipia vijana wachache wenye alama za juu. Wawili kati yao wazazi wao walikuwa na ng'ombe wa kutosha, na mmoja alikuwa jamaa ya mtu wa kamati. Hatukuiba shilingi. Lakini watu waliona, wakanyamaza, na mwaka uliofuata mifuko ikafungwa.

Mwaka huo huo msichana mmoja alileta barua yake akiwa na alama 268. Tukamwambia kwa upole kwamba hazitoshi. Alitushukuru akaenda. Baada ya wiki mbili alikuwa Eldoret, mfanyakazi wa nyumbani, akilea watoto wa watu.

Mwezi uliopita tulipoanza kuzungumza habari ya kuufufua mfuko, mama mmoja anayeuza nguo za mitumba hapa sokoni Kiminini alisimama nyuma. Ni yeye. Alisema maneno machache, tunayarudia kwa ruhusa yake: "Mliniuliza alama. Hamkuniuliza nilikuwa naamka saa ngapi kuteka maji, wala ni nani aliyekuwa akimlea mdogo wangu mama akiwa hospitali. Zile 268 nilizitoa gizani. Mngejua nilikozitoa, mngeziona ni nyingi." Kisha akaketi.

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna. Yeye mwenyewe anasomesha wadogo zake wawili kwa mitumba ile, na ndiye wa kwanza aliyeandikisha mchango wake katika mfuko mpya. Tulipomwuliza kwa nini, baada ya yale tuliyomtendea, alisema anataka kukaa katika kamati ili aone barua zinavyosomwa. Tumemkubalia. Ndugu, mfuko huu ukifa mara ya pili, hatutakuwa na uso wa kumwangalia mama huyo.

Tunavyoomba tufanye

Hatuji kwenu na ahadi ya wafadhili. Tunakuja na gorogoro.

Kwanza, mchango uwe mahindi, wakati huu wa mavuno, maana mwezi wa Januari hakuna mwenye fedha. Kila nyumba itoe gorogoro 5. Gorogoro 45 hujaza gunia la kilo 90. Nyumba 90 zikitoa, tunapata gorogoro 450, yaani magunia 10. Tutayakausha vizuri, tutayaweka dawa, na hatutayauza sasa bei ikiwa chini. Sehemu tutauza shule zikifunguliwa, na iliyobaki tutaingoja miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya, bei ikipanda. Asiye na mahindi atoe siku moja ya kupukuchua na kukausha. Huo nao ni mchango, utaandikwa kitabuni kama mwingine.

Pili, tusianze na alama. Kamati itamtembelea mtoto nyumbani, watu wawili, mmoja wao mwanamke. Wataangalia hali, watamwuliza mwalimu juu ya bidii yake, kisha ndipo waangalie alama. Tutaanza na yule aliye karibu kuacha shule, hata kama kinachomzuia ni sare tu au viatu. Mara nyingi mtoto hupotea kwa kitu kidogo kuliko karo.

Tatu, jamaa ya mtu wa kamati akiomba, mtu huyo atoke nje ya chumba. Na hesabu zote, magunia yaliyoingia na fedha zilizotoka, zisomwe hapa Jumapili ya kwanza ya kila muhula, na kubandikwa mlangoni. Majina ya watoto hayatabandikwa, maana umaskini wa mtoto si tangazo.

Nne, wasichana waliojifungua. Tangu mwaka 1994 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shule. Ni miaka mingi, na bado tunao hapa wanaojificha jikoni. Tusiwahukumu kwa ulimi huku baba wa watoto hao wanaendelea na masomo yao bila kuulizwa. Mama mwenye nafasi amlee mtoto saa za shule. Huo ni mchango mkubwa kuliko gunia.

Tano, atakayesaidiwa atasaidia. Hatutamdai fedha. Kila likizo, atakuja katika ukumbi huu siku mbili kwa wiki kuwafundisha wadogo hesabu na kusoma, na kila mwezi atamsomea mzee mmoja asiyejua kusoma karatasi zake: za maziwa, za hospitali, za shamba. Mnajua wazo hili tumelitoa wapi.

Neno la mwisho

Mzee yule wa maziwa alifariki zamani. Nyumba yake ya udongo iliangushwa, na ukuta ule wa alama za makaa haupo. Siku moja kabla hajafa alituuliza, "Bado unasoma?" Tukamjibu kwamba tumemaliza. Akasema, "Kama umemaliza, nani ananisomea?"

Tumelibeba swali hilo miaka mingi. Kila mmoja wetu aliyevuka aliinuliwa na mtu: mama na kuku wake, kaka na swali lake, mwalimu aliyejifanya hakuona jina letu katika daftari. Haitoshi kuvuka na kupunga mkono ng'ambo. Kama mlango uliwahi kukufungia, wewe unajua vizuri kuliko wengine komeo liko upande gani.

Magunia matupu yako pale kando ya dirisha, na kitabu kiko mezani na kalamu yake. Mama yule wa mitumba ndiye anayeandika. Aliyekuja na gorogoro leo apite kwake, na ambaye hakuja nalo ataje siku atakayoleta.



Maswali ya kuzungumzia katika jumuiya zetu

1. Katika kijiji chetu, ni mtoto gani ambaye hajaonekana shuleni muhula huu? Ni nani kati yetu atakwenda kumwona wiki hii?

2. Ni mtu gani aliyekusaidia wewe kusoma, hata siku moja tu? Ulimrudishia nani?

3. Je, katika nyumba zetu kazi za jioni zinagawanywaje kati ya wavulana na wasichana?

4. Mifuko na vyama vyetu vilivyokufa viliuawa na nini? Tuseme ukweli bila kutaja majina ya watu.

5. Ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu inaweza kuanza kabla ya msimu wa kupanda, bila kungoja msaada wa nje?